Akilia, Anamkimbilia Nani?

Mtoto wa miaka miwili anaanguka uani. Uani kuna watu: mama yake anachambua mchele, bibi amekaa mkekani, dada yake wa miaka kumi anaosha vyombo, shangazi yuko kwenye simu. Mtoto hajalia bado. Ananyanyua uso kwanza, anatafuta. Macho yake yakishatua mahali, hapo ndipo kilio kinapoanza, na miguu inafuata.

Mtaalamu wa aina moja angemkodolea macho mtoto: alimtazama nani, alipokelewaje, alitulia upesi au aliendelea kung'ang'ania kanga, alirudi kucheza au la. Huyo ni mfuasi wa nadharia ya mfungamano. Naiita hivyo kwa kuwa neno "upendo" halitoshi. Mtu aweza kumpenda mjomba aliye mbali, lakini anafungamana na yule ambaye asipokuwepo usiku, usingizi hauji.

Mtaalamu wa aina ya pili angeutazama ua mzima. Bibi aliposema "mwache, atazoea", mama alisita. Mama aliposita, dada akaacha vyombo akamwahi mtoto. Shangazi akakata simu ili amwambie dada arudi kwenye vyombo. Kesho mtoto akianguka tena, hatamtazama mama, atamtafuta dada, na mama atalalamika kwamba mtoto wake hampendi. Mtaalamu huyu anaiona familia kama mfumo: ukigusa uzi mmoja, mkeka mzima unajikunja.

Kwa miongo kadhaa wataalamu hawa wawili walikuwa na vyuo vyao, majarida yao na mabishano yao. Siku hizi ipo tiba ya familia inayowakalisha mkeka mmoja, na kuhusu tiba hiyo yanasemwa mengi, mengine kwenye makundi ya WhatsApp, mengine kwenye semina za washauri nasaha. Nimeyachukua ninayoyasikia mara kwa mara, niyapime moja moja.

"Hii nadharia ya mfungamano ni mambo ya Wazungu, imetungwa maabara."

Si kweli, ingawa anayesema hivyo ana hoja ndani yake.

Mwasisi wake, John Bowlby, alikuwa Mwingereza wa tabaka la juu. Alizaliwa London mwaka 1907, baba yake akiwa daktari mpasuaji, na kama ilivyokuwa desturi ya nyumba za namna hiyo, aliyemlea hasa ni yaya. Yaya aliyemzoea aliondoka Bowlby akiwa na umri wa miaka minne hivi, na baadaye akapelekwa shule ya bweni. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliotenganishwa na walezi wao. Hoja aliyoijenga kuanzia hapo ilikuwa rahisi, lakini wakati ule ilionekana ya ajabu: mtoto hamwandami mama kwa sababu ya maziwa. Anamwandama kwa sababu kiumbe mdogo asiye na mtu wa kumkimbilia yuko hatarini.

Sasa, nani aliyekwenda kwanza kuitazama hoja hiyo majumbani mwa watu, mtoto kwa mtoto, kwa miezi? Ni mtafiti Mary Ainsworth, na nyumba zenyewe zilikuwa vijijini karibu na Kampala. Alifika Uganda mwaka 1954 kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Alikusudia kuchunguza jinsi watoto wa Kiganda wanavyoumia wanapoachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi, maana ndiyo mila aliyosimuliwa. Alipofika akakuta mila hiyo kwa sehemu kubwa imekwisha achwa. Utafiti wake ukafa kabla haujazaliwa. Badala ya kufunga virago akaanza upya: familia 26, watoto 28, kila nyumba akiitembelea kwa saa mbili hivi kila baada ya wiki mbili, akiwa na mkalimani na Kiganda cha kujifunza.

Aliyoyaona yalimgeuza, maana alikuwa amekwenda bila kumwamini Bowlby sawasawa. Aliona mtoto anavyotambaa kutoka kwa mama kwenda kuchunguza kitu, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, anaendelea, anarudi kugusa goti, anaondoka tena. Mama ni egemeo, na kwa sababu ya egemeo mtoto anathubutu kwenda mbali. Akaona pia kwamba watoto waliotulia walikuwa na mama wa namna fulani, na hapa ndipo utafiti ule unaponigusa zaidi. Ni mama aliyeweza kumsimulia mtoto wake kwa undani: anaamkaje, anakataa nini, kilio gani ni cha njaa na kipi ni cha usingizi. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967.

Maabara ilikuja baadaye, Baltimore nchini Marekani. Watoto wa huko walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka chumbani, hawakushtuka kama watoto wa Kiganda ambao mama akiinuka tu wanalia. Ikabidi Ainsworth atengeneze chumba kigeni, mgeni asiyejulikana, na mama atoke mara mbili, vyote ndani ya dakika 20 hivi, ili kile alichokwisha kukiona Uganda kijitokeze. Jaribio hilo, la Hali Ngeni, ndilo lililopata umaarufu duniani. Waliolipokea wengi walikumbuka chumba wakasahau kijiji, na hoja ya mlalamikaji wetu iko hapo: kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa Baltimore kilisafirishwa kama mizani ya dukani, kipime kila mtu.

"Mtoto hufungamana na mama peke yake."

Si kweli. Bowlby wa mwanzoni aliegemea huko, akiamini kuna mtu mmoja mkuu na wengine ni wasaidizi. Lakini mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 60 wa Glasgow, mji wa viwanda, na wakakuta watoto wengi wanapofikisha miezi 18 wamekwisha fungamana na zaidi ya mtu mmoja: baba, bibi, kaka, hata jirani. Wengine hawakumchagua aliyekaa nao saa nyingi zaidi, walimchagua aliyewaitikia.

Huku kwetu jambo hili halikuhitaji Glasgow. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga, na watafiti waliokuja kupima walikuta ndivyo. Kisii, Kenya, watoto wachanga wa Wagusii walionekana kufungamana na mama na vilevile na msichana mlezi aliyewabeba mchana. Kuna kisa kidogo cha huko ninachokipenda. Kwenye Hali Ngeni mtaalamu husubiri kuona mtoto akikumbatiwa mama anaporudi. Watoto wa Kigusii walikuwa wamezoea kusalimiwa kwa kupewa mkono, kwa hiyo waliungoja mkono kama wenzao wa Marekani wanavyongoja kukumbatiwa. Mtu asiyejua salamu za Wagusii angeandika kwenye karatasi yake kwamba mtoto huyu ni mkavu. Na katika msitu wa Ituri, Kongo, watafiti walimkuta mtoto wa jamii ya Waefe akinyonyeshwa na wanawake kadhaa tangu siku zake za kwanza duniani.

Watu wa mfungamano wakishakubali kwamba mtoto ana walezi watano, hawawezi tena kukwepa swali la wenzao wa mifumo: hao watano wanapatana? Mtoto anayejua kwamba akimkimbilia bibi, mama atanuna, amebeba tatizo ambalo halipo kati yake na bibi wala kati yake na mama. Liko kati ya mama na bibi. Yeye amekuwa daraja tu, na daraja halipumziki.

"Ukienda tiba ya familia utaambiwa mama ndiye mkosaji."

Ilikuwa kweli. Mwaka 1948 daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama anayesababisha mtoto wake apate skizofrenia, na wazo hilo lilienea kama moto wa nyika. Mwaka 1956, kule Palo Alto, California, Gregory Bateson na wenzake wakaeleza kauli kinzani zinazomfunga mtoto: mama anasema "njoo", mwili wake unasema "usije", na mtoto haruhusiwi hata kuuliza. Waliona kitu cha kweli kuhusu mazungumzo. Kuhusu chanzo cha skizofrenia walikosea. Wazazi wengi waliokuwa wanauguza watoto wao walirudi nyumbani na mzigo mwingine wa aibu. Upande wa mfungamano nao haukuwa safi, kwani ripoti ya Bowlby ya 1951 ilitumiwa na wengine kuwaambia wanawake waache kazi warudi jikoni.

Tiba ya sasa imejifunza kutoka kwenye aibu hiyo. Mama haulizwi alimkosea nini mtoto. Anaulizwa alipokuwa mdogo yeye alimkimbilia nani, na leo akizidiwa anamkimbilia nani. Nimewahi kuambiwa na mshauri mmoja mzoefu kwamba swali hilo la pili ndilo linalowaliza mama wengi, kwa sababu jibu ni "sina".

"Mama asiye na pa kuegemea hawezi kuwa egemeo."

Kweli, kwa kiasi kikubwa. Ainsworth alikwisha liona Uganda: baadhi ya mama waliokuwa na watoto wenye wasiwasi mno walikuwa wenyewe wamezongwa na masumbuko, mume kaondoka, msaada haupo. Bowlby naye, pamoja na yote aliyolaumiwa nayo, aliandika wazi kwamba jamii inayowajali watoto haina budi kuwatunza wazazi wao. Sehemu hiyo ya ripoti haikupata wasomaji wengi.

"Nadharia hizi mbili ni paka na panya."

Si kweli, na historia yake inachekesha kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Bowlby alikuwa anajifunza tiba ya watoto chini ya Melanie Klein, mwanamke aliyeogopwa na kuheshimiwa London nzima. Alipewa mtoto wa miaka mitatu asiyetulia. Mama yake alimleta kila siku na kumngoja nje, mwenyewe akiwa amejaa hofu. Bowlby alitaka kuzungumza naye. Klein akakataza: kazi yako ni ndoto na michezo ya mtoto. Baada ya miezi michache mama akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili, na Bowlby alisimulia baadaye kwamba mwalimu wake aliliona jambo hilo kama usumbufu tu.

Kisa hicho hakikumtoka. Mwaka 1949 alichapisha makala fupi kuhusu mvutano ndani ya familia. Alieleza kwamba mvulana mmoja alikuwa amekwama katika tiba kwa muda mrefu, hata alipoamua kumkalisha chumba kimoja na wazazi wake kwa kikao kirefu. Kwanza walirushiana lawama. Kisha, taratibu, kila mmoja akaanza kuona maumivu ya mwenzake, na wazazi wakaonekana wanarudia mambo waliyotendewa utotoni. Mambo yakasogea. Bowlby alitumia njia hiyo mara chache tu, akaendelea na kazi zake nyingine.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Mmarekani, John Bell, alipita London akasimuliwa juu juu kwamba Bowlby anajaribu kuiona familia yote pamoja. Bell alielewa vibaya. Alidhani Bowlby anafanya hivyo kila mara, kwa kila mgonjwa. Akarudi kwao Massachusetts akaanza kufanya kile alichodhani Bowlby anakifanya, na leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa tiba ya familia Marekani. Kwa maneno mengine, hawa tunaoambiwa ni paka na panya wana undugu wa damu, na ukoo wenyewe ulianza kwa mtu kutosikia vizuri.

Ugomvi ulikuja baadaye, na haukuwa wa bure. Murray Bowen, katika utafiti ulioanza mwaka 1954, alizilaza familia nzima katika taasisi ya utafiti ya serikali huko Bethesda, Maryland, ili aone jinsi wasiwasi unavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na jinsi watu wawili wakishindwana wanavyomvuta wa tatu katikati. Salvador Minuchin, aliyezaliwa Argentina, alifanya kazi na vijana maskini wa New York kisha Philadelphia, akitazama nani ana sauti nyumbani na mipaka imekaa wapi. Watu hawa hawakupenda swali la "kwa nini". Kwao mume ananyamaza kwa kuwa mke anafoka, na mke anafoka kwa kuwa mume ananyamaza, na ukitafuta nani alianza utakesha. Watu wa mfungamano, kwa upande wao, walikuwa wamezama katika kuhesabu tabia za watu wawili, mama na mtoto, kana kwamba nyumba haina mlango wa pili.

Aliyewapatanisha waziwazi ni John Byng-Hall, daktari wa akili wa kliniki ya Tavistock, alikofanya kazi Bowlby mwenyewe. Byng-Hall alikulia Kenya. Ukoo wake ulikuwa na hadithi ya Amiri John Byng, aliyepigwa risasi mwaka 1757 juu ya sitaha ya meli kwa kosa la kutojitahidi ipasavyo vitani. Hadithi kama hiyo haikai kimya katika ukoo. Inawaambia watoto wa karne nyingine kwamba hapa kwetu mtu haonyeshi woga. Kutokana na hadithi za namna hiyo Byng-Hall alieleza kwamba familia ina maigizo yake: mengine tunayarudia, mengine tunayageuza kwa makusudi kwa sababu yalituumiza, na mara chache tunathubutu kutunga jipya. Akaongeza wazo la egemeo la familia nzima. Hatosheki na mama mmoja aliye salama. Anataka mtandao ambao kila mmoja, mtoto kwa mzee, anajua kwamba likitokea la kutokea mtu atakuwepo, hata kama si yeye.

"Kuchanganya nadharia ni kutia chumvi kwenye sukari."

Inategemea mpishi. Niichukue familia ya kubuni, tuiweke Tanga. Mvulana wa miaka 13 anaumwa tumbo kila asubuhi ya siku ya shule. Vipimo havijaonyesha kitu. Baba yuko Muscat kikazi mwaka wa pili. Nyumbani yupo mama, mdogo wake wa kike na bibi mzaa baba.

Mtaalamu wa mfungamano peke yake atasema: mvulana ana hofu ya kuachwa, baba aliondoka, sasa haachi nyumba kwa kuwa anachelea mama naye ataondoka. Huenda ni sahihi. Mtaalamu wa mfumo peke yake atauliza maswali ya kuzunguka, yale waliyoyanoa Mara Selvini Palazzoli na wenzake wa Milan: tumbo likianza, nani anajua kwanza? Akijua, anampigia nani? Siku tumbo likitulia, nani ananuniana na nani? Huenda akagundua kwamba siku ya tumbo baba hupiga simu mara tatu, na mama na bibi, ambao siku nyingine hawasemezani, wanakaa pamoja kitandani kwa mtoto. Naye huenda ni sahihi, lakini akiishia hapo atamwambia mvulana, kwa namna moja au nyingine, kwamba tumbo lake ni ujanja.

Ukiziweka pamoja, tumbo ni kilio, na kilio kile kimejifunza njia ambayo nyumba hii inaitikia. Mvulana hawezi kusema "baba, nakuhitaji", maana katika nyumba hii wanaume hawaombi. Tumbo linaruhusiwa kuomba. Basi kazi inakuwa na pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ni kuirudisha sentensi iliyokwama kinywani mwa mvulana na kumwandaa mama aisikie bila kuisahihisha. Upande wa pili ni kuipanga upya nyumba ili sentensi hiyo isimgharimu mtu, kwa mfano bibi na mama wapatane kuhusu nani anamwamsha na kumtoa mlangoni, na baba apige simu Alhamisi, tumbo liume lisiume.

Mchanganyiko huo upo pia katika tiba ya familia ya Guy Diamond wa Philadelphia, ambayo huanza na swali ambalo naona ni bora kuliko vitabu vingi. Kijana aliyefikia hata kuwaza kujiua anaulizwa mbele ya wazazi wake: ulipokuwa katika hali ile, kwa nini hukwenda kwao? Kisha kijana huonwa peke yake, wazazi peke yao, na ndipo wote wanarudi pamoja kulisema lile jibu. Wanaofanya haraka, wakamkalisha kijana mbele ya wazazi ambao hawajaandaliwa, hupata lawama kama zile za mwanzo wa kikao cha Bowlby, bila kile kilichofuata.

"Tiba hii ni ya watoto tu."

Si kweli. Sue Johnson, Mwingereza aliyehamia Kanada na kufariki mwaka 2024, pamoja na Leslie Greenberg, waliijenga tiba ya wanandoa katika miaka ya 1980 kwa vipande hivihivi viwili. Mke anafuata, mume anajificha: hilo ni duara la watu wa mifumo. Chini ya kufuata kuna hofu ya "sina thamani kwako", na chini ya kujificha kuna hofu ya "kila nifanyalo ni kosa": hiyo ni lugha ya Bowlby.

"Familia inayoshikana sana ni familia mgonjwa."

Si kweli, na kosa hili limefanywa sana na wasomaji wa haraka wa Minuchin. Alisema kuna familia ambazo mipaka yake imefutika hata huwezi kujua chozi ni la nani. Hakusema kula sinia moja ni ugonjwa. Hakusema hata kwamba mtoto mkubwa kupewa kazi ya kulea wadogo ni kosa. Katika familia kubwa aliona ni mpango wa kawaida, na unaharibika pale mtoto anapoachiwa jukumu bila mamlaka, au jukumu lisilo na mwisho. Dada wa miaka kumi pale uani si tatizo kwa sababu alimwinua mdogo wake. Swali ni kama yeye akianguka yupo wa kumwinua.

Ukitumia macho ya mfungamano tofauti inaonekana vizuri zaidi. Ukaribu wa mtu aliye salama unamwachia aende. Ukaribu wa mtu mwenye hofu unamshika mkono usimwachie.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Nusu kweli. Peter Fonagy na wenzake London waliwahoji wajawazito kuhusu utoto wao wenyewe, wakangoja mtoto azaliwe na kufikisha mwaka mmoja, wakampima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yanashtua: kwa takriban robo tatu ya watoto, mazungumzo ya kabla ya kuzaliwa yaliweza kutabiri kama mtoto atakuwa na mfungamano salama na mama au la.

Lakini soma vizuri kilichopimwa. Hakikuwa kama mama alipata utoto mzuri. Mahojiano hayo, yaliyotungwa na Mary Main na wenzake katika miaka ya 1980, hupima jinsi mtu anavyousimulia utoto wake: anayakwepa maumivu, anazama ndani yake, au anaweza kuyataja yote, machungu na matamu, bila kupotea njia. Wapo waliolelewa vibaya wanaosimulia vizuri, na watoto wao wanaweza kufungamana nao vyema. Ni yale yale ya Ainsworth kijijini: mama anayeweza kusimulia. Kwa hiyo methali ni ya kweli kuhusu mteremko, si kuhusu mwisho wa safari, na mifungamano ya utotoni, ikifuatiliwa hadi utu uzima, hubadilika mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani.

"Sisi tuna vikao vya ukoo, tiba ya familia ni ya nini?"

Nusu kweli. Kikao cha wazee kinajua kitu ambacho Bowen alijifunza kwa kuzilaza familia hospitalini: ndoa ya watu wawili ina watu ishirini ndani yake. Mshenga na somo wanajua kupitisha neno gumu bila kulivunja. Tatizo langu na kikao ni kwamba kimezoea kutoa hukumu. Nani amekosa, alipe nini, aombe radhi kwa nani. Na waliokaa mkekani wana upande, kwa sababu ni shemeji wa huyu na baba mkubwa wa yule. Mtoto mara nyingi hayumo kabisa, hutumwa maji.

"Imethibitishwa kwamba inashinda tiba nyingine zote."

Si kweli. Utafiti wa Diamond wa mwaka 2010, kwa vijana 66 wenye mawazo ya kujiua, ulionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida. Mwaka 2019 walijaribu tena kwa vijana 129, safari hii wakiilinganisha na tiba nyingine iliyotolewa kwa umakini uleule, ambayo ilimsikiliza kijana na kuwashirikisha wazazi kidogo. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana. Nawaheshimu kwa kulichapisha hilo.

"Bila familia nzima chumbani, hakuna kinachofanyika."

Si kweli, na wakati mwingine ni hatari. Palipo na kipigo nyumbani, kumkalisha anayepigwa mbele ya anayepiga na kumtaka afungue moyo ni kumtoa kafara. Kwanza usalama, kila mmoja na chumba chake. Na hata pasipo hatari, Bowen alifanya kazi na mtu mmoja mmoja miaka mingi, akiamini kwamba mmoja akibadili hatua zake, ngoma ya wengine hulazimika kubadilika.

Yule baba wa Muscat, kwa mfano, hatapata likizo mwaka huu. Simu itaegemezwa kwenye chupa ya chai juu ya meza ya mshauri, sauti itakatika mara mbili, na bibi ataulizia kwa sauti kubwa kama anakula vizuri. Mshauri atamwomba mvulana aisogeze simu karibu yake mwenyewe, kisha atamwomba mama asimsemee.